Nyoka Chini ya Waridi

Ukiitazama haraka, ni mwanamke wa kizungu aliyejaa lulu, shingo imezungukwa na kola ya lesi, mkononi kashika kishada kidogo cha mawaridi. Basi. Ukikaa nayo kidogo utaona kitu kingine kati ya vidole vyake: kivuli kinachojikunja, cheusi, chenye magamba ya kijani kinachoelekea buluu. Nyoka.

Picha hii ya rangi ya mafuta, iliyochorwa juu ya ubao na fundi ambaye jina lake halikuhifadhiwa, ni mali ya National Portrait Gallery, London. Anayeonekana ni Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, na kazi yenyewe ni ya miaka ya 1580 au mwanzoni mwa 1590. Mwaka 2010 jumba hilo lilieleza hadharani kile ambacho mitambo ya infraredi ilikuwa imeona. Mwanzoni malkia alikuwa ameshika nyoka aliyejiviringisha. Kisha, fundi akikaribia kumaliza, uamuzi ukabadilika na maua yakapakwa juu ya nyoka. Karne nne zikapita. Rangi ya juu ikachakaa, na nyoka akaanza kuchungulia. Chini kabisa, chini ya uso wa malkia mwenyewe, mitambo ikakuta uso wa mwanamke mwingine ambaye picha yake iliachwa njiani na ubao ukatumika tena.

Kwa nini nyoka afunikwe? Kwa wasomi wa Ulaya wa wakati ule, nyoka alikuwa alama ya hekima, ya mtawala anayejua kupima mambo kabla ya kusema. Kwa mtu aliyeketi kanisani akisikiliza habari za Hawa na bustani ya Edeni, nyoka alikuwa Shetani yule yule. Na Elizabeth alikuwa mwanamke asiye na mume wala mtoto, akiongoza nchi ambayo wanaume wake wengi waliamini mwanamke hawezi kuongoza kitu. Mpe mwanamke kama huyo nyoka mkononi, halafu uwaombe watu waelewe upande mmoja tu wa maana? Hata mimi ningepaka maua.

Sikusomea sanaa. Niliacha chuo mwaka wa pili, na kozi yenyewe ilikuwa ya takwimu. Lakini nimekaa na picha hii kwenye simu kwa wiki kadhaa hapa Runyenjes, stima ikipotea na kurudi, na kila nikiikuza narudi kwenye swali moja: picha ndogo ya malkia inamtaka anayeitazama afanye nini? Maana hiyo ndiyo kazi yake. Sura ni kisingizio tu. Yaliyomo ni maagizo. Na maagizo ya aina hiyo tumeyajua sisi pia, huku kusini-mashariki mwa Mlima Kenya, ila yalitufikia yakiwa madogo zaidi, ya chuma, ndani ya mfuko wa kaptura.

Lakini tuanze na Elizabeth, kwa sababu mchezo wote uliofuata aliucheza yeye kwanza, na aliucheza vizuri kuliko karibu kila mtu.

Aliukalia ufalme mwaka 1558 akiwa na miaka ishirini na mitano. Kuna picha yake ya karibu 1575 ambayo inahusishwa na Nicholas Hilliard, fundi wa dhahabu na mchoraji wa vipicha vidogo. Leo iko Walker Art Gallery, Liverpool, na haifiki hata mita moja kwa urefu. Kifuani mwa malkia kuna kito chenye umbo la ndege, na ndege huyo ndiye aliyeipa picha jina. Kwa Kiswahili anaitwa mwari, yule mkubwa mweupe mwenye mfuko chini ya mdomo ambaye ukienda Ziwa Nakuru utamkuta amejaa tele. Watu wa Ulaya ya kale waliamini kwamba mwari akikosa chakula hujidonoa kifua mpaka damu itoke, akawanywesha makinda. Hafanyi hivyo. Ana tabia tu ya kuinamisha mdomo juu ya kifua, na mtu aliyekuwa mbali akajitungia mengine. Kanisa lilimchukua ndege huyo kuwa alama ya Kristo. Elizabeth akamchukua kuwa alama ya mama: ninyi makinda, mimi natoa damu.

Sasa hapa Kiswahili kinaona kitu ambacho Kiingereza hakiwezi kukiona. Mwari ni ndege. Mwari, wengine husema mwali, ni msichana aliyevunja ungo anayewekwa ndani akafundwa kabla ya kuolewa. Na kwetu Embu ukisema mwari wa fulani, unamaanisha binti wa fulani. Kwa hiyo isome picha hii kwa lugha zetu: malkia bikira amevaa mwari kifuani, yaani ndege anayejitoa damu, msichana ambaye hajaolewa na binti wa nyumba fulani, wote ndani ya neno moja. Hilliard hakujua Kiswahili wala Kiembu. Ila fumbo lenyewe ndilo hili hasa alilokuwa akilijenga, kwamba mwanamke huyu anaweza kuwa mama wa wote kwa sababu si mke wa yeyote.

Pembeni, huku na huku ya kichwa chake, kuna maua mawili, kila moja na taji lake. Waridi ni Uingereza, nyumba ya Tudor. Yungiyungi ni Ufaransa, nchi ambayo Elizabeth hakuitawala hata kwa siku moja. Kipande cha mwisho ambacho Waingereza walikishikilia huko, mji wa Calais, kilikuwa kimepotea Januari 1558, miezi kadhaa kabla yeye hajawa malkia. Ua likachorwa tu. Lishike hilo, tutalihitaji: picha inaweza kudai ardhi ambayo mguu wa mwenye picha haujafika.

Jambo dogo la ufundi, kwa wanaopenda: watafiti wa mbao waligundua kwamba ubao wa picha hii na ule wa picha nyingine ya malkia, aliyovaa kito cha ndege wa hekaya anayeungua na kufufuka katika majivu yake, ilitoka katika miti miwili ile ile ya mwaloni. Karakana moja, mbao zile zile, ndege wawili. Hii ilikuwa biashara.

Na ilikuwa biashara iliyochungwa. Mwaka 1596, Elizabeth akiwa amepita miaka sitini, baraza lake liliagiza maofisa wasaidie kuzitafuta na kuziharibu picha zake zisizofaa. Uso ulioruhusiwa ulikuwa wa msichana, uliotoka kwenye kiolezo, ukanakiliwa kutoka picha hadi picha huku mwenye uso akizeeka nyuma ya mlango. Sisi tungesema filta. Tofauti ni kwamba filta yake ililindwa na serikali.

Picha inayonitia baridi ni ya mwisho mwisho, ya karibu 1600, iliyoko Hatfield House. Bibi anayekaribia miaka sabini ana shavu la binti wa miaka ishirini. Nyoka amerudi, amedariziwa kwenye mkono wa nguo bila aibu yoyote, maana kufikia hapo hakuna aliyethubutu kumsoma vibaya. Lakini tazama joho. Limejaa macho na masikio, moja baada ya jingine, kwenye kitambaa chote. Huu ulikuwa utawala uliojua kazi ya ujasusi. Francis Walsingham, waziri wake aliyefariki 1590, alikuwa amesuka mtandao wa wapelelezi uliofika mbali nje ya Uingereza. Joho linasema nakuona, nakusikia. Linasema kwa hariri, lakini linasema.

* * *

Malkia wa kwanza ambaye uso wake ulizoeleka kwenye masoko ya pwani yetu hakuwa Mwingereza. Alikuwa Maria Theresa wa Austria, malkia wa Hungaria na Bohemia, na alikuwa maiti.

Alifariki 1780. Sarafu yake kubwa ya fedha, ya gramu 28 hivi, iliendelea kupigwa baada ya hapo ikiwa na mwaka ule ule, 1780, hata ilipokuwa inapigwa katika karne ya 20, tena si Vienna pekee bali mpaka London na Bombay. Wafanyabiashara waliiteremsha Bahari ya Shamu, ikafika Uhabeshi, Maskati na Unguja. Kwa reale hizo Unguja ya karne ya 19 ilihesabu pembe za ndovu, karafuu na, tusijifiche, binadamu.

Kwenye sarafu amejitanda ushungi wa mjane, kwa kuwa mumewe alifariki 1765. Kichwani ana kitaji cha lulu, begani ana bruchi ya lulu. Kule Vienna ushungi ulisema huzuni na uchaji Mungu, lulu zikasema ukoo. Sokoni zilisema jambo jingine kabisa: hebu nione kama hii ni halisi. Mtu alikuwa akiichukua reale, anaigeuza kwenye mwanga, anazikagua zile lulu moja moja. Zikiwa zimesagika, au hesabu yake haiji, reale inarudishwa kwa mwenyewe. Hapo ndipo ninapopapenda katika historia hii yote. Alama zilizobuniwa ili mtu ainamishe kichwa ziligeuzwa kuwa alama za ukaguzi. Mnunuzi wa pwani hakumsujudia malkia. Alimhesabu.

Bara mambo yalikuja na bunduki. Watu wa Embu hawakuwa na mfalme wala malkia. Mambo yalikatwa na wazee barazani, na hadhi ya mtu ilijulikana kwa umri wake na rika lake. Mwaka 1906 kikosi cha Waingereza kikapanda huku, watu wakauawa, mifugo ikachukuliwa, na utawala ukasimamishwa mahali ambapo sasa ni mji wa Embu. Baada ya bunduki ikaja kodi. Kwanza ya nyumba, kisha ya kichwa.

Jina hilo, kodi ya kichwa, hunichekesha na kuniudhi kwa pamoja, juu ililipwa kwa kichwa kweli. Kichwa cha mfalme, upande mmoja wa kipande cha fedha. Ili akipate kile kichwa kidogo, mwanamume ilibidi aondoke kwake, akafanye kazi ya kibarua kwenye shamba la mtu mwingine, akabidhiwe kichwa, akirudishe kwa waliokitengeneza. Yungiyungi lilidai Ufaransa na Ufaransa haikujali. Sarafu ilidai Embu na Embu ikalazimika kuitafuta.

Kisha wakamvisha kipande. Sheria ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia: kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi abebe karatasi yenye jina lake, kabila, mwajiri na alama za vidole, ikiwa ndani ya kikopo cha chuma kinachoning'inia shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Hebu mtazame huyo mtu kama vile tulivyomtazama Elizabeth, kuanzia kifuani. Mfukoni ana picha ndogo ya mtu mmoja aliyeko mbali, yenye taji, pua iliyonyooka, jina lote na cheo. Kifuani ana maelezo yake mwenyewe, na hayana uso. Yana vidole. Elizabeth alijiwekea mwari pale ili kueleza yeye ni nani. Hawa waliwekewa kikopo.

Mpaka leo tunaita kitambulisho kipande. Shingo imepumzika, neno limebaki.

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London mwaka 1919, na ilijikuta na tatizo linalochekesha ukiliwaza. Sarafu zake za senti moja, tano na kumi zilikuwa na tundu katikati. Huwezi kumtoboa mfalme usoni. Kwa hiyo uso ukaachwa: taji likakaa juu ya tundu, jina likazunguka, na upande wa pili pembe za ndovu zikalikumbatia tundu lenyewe. Ukitaka picha ya ukweli ya ukoloni katika Afrika Mashariki, sijaona inayoishinda ile. Taji, tundu, pembe za ndovu.

Na tundu hilo lilifanya kazi siku moja kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga. Edward wa Nane alirithi ufalme Januari 1936 na akauachia Desemba mwaka huo huo, kwa ajili ya mwanamke. Uingereza haikuwahi kutoa kwa matumizi ya kawaida sarafu zenye uso wake. Huku kwetu senti tano na kumi zenye jina lake zilitoka na zikatumika, kwa sababu hazikuhitaji uso wowote. Jina na tundu vilitosha kununulia chumvi.

* * *

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, binti wa mfalme, Elizabeth mwingine, alikuwa Treetops kwenye msitu wa Aberdare, akiwatazama wanyama wakija kunywa maji. Usiku ule baba yake alifariki Uingereza. Habari zilimkuta Sagana Lodge, nyumba aliyopewa na Kenya kama zawadi ya arusi, upande wa pili wa mlima huu ninaouona nikiandika. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, sawa na yule wa kwanza. Tarehe 20 Oktoba mwaka huo, Gavana Evelyn Baring akatangaza hali ya hatari. Kwa hiyo ukihesabu vizuri, malkia alipata ufalme akiwa katika nchi yetu, na miezi minane baadaye nchi ile ile ikawekwa chini ya sheria za dharura kwa jina lake.

Uso wake ulifika polepole. Shilingi za chuma zilizokuwa sokoni zilibaki na kichwa cha baba yake. Kwa upande wa sarafu, yeye alipata nafasi kwenye sumuni tu, kuanzia 1954: mwanamke kijana mwenye taji, jina lake limeandikwa lote kumzunguka. Geuza, unakuta simba amesimama mbele ya milima. Mtu wa Runyenjes akioneshwa mlima kwenye chuma, anaujua mmoja tu.

Shosho yangu anayo sumuni moja ya hizo, kwenye mkebe wa vifungo, na imelainika mpaka pua ya malkia inakaribia kuisha. Nilimwuliza walikuwa wakimwita nani yule mwanamke.

"Pesa," akasema.

"Si jina lake, Shosho?"

"Jina la nini? Ukimpata unanunua sukari, anaenda."

Hakuwa anafanya mzaha. Ni yule mnunuzi wa reale, kwa njia yake. Lakini miaka ya sumuni ile kwake ni miaka ya kijiji. Kati ya 1954 na 1955 serikali iliwahamisha zaidi ya watu milioni moja, Wakikuyu, Waembu na Wameru, ikawaweka katika vijiji zaidi ya mia nane vilivyozungushiwa uzio na mitaro, ili waliokuwa msituni wasipate chakula wala habari. Kandokando ya msitu wa Mlima Kenya ukachimbwa mtaro mrefu, wenye kina cha kuzidi mtu mzima, na wachimbaji walikuwa watu wa vijiji hivyo hivyo, wengi wao wanawake. Ilikuwa kazi ya lazima. Hata kile kichwa kidogo hakikushuka mkononi mwao.

Na kulikuwa na gakunia. Msomaji wa Nairobi huenda amelisikia neno hili kutoka kwa wazee wake: mtu aliyefunikwa gunia zima lenye matundu mawili ya macho, anasimamishwa mbele ya foleni, watu wanapita mmoja mmoja, naye anatikisa kichwa. Akitikisa, umekwenda. Hakuna aliyejua ni jirani gani yuko ndani ya gunia. Niliposoma kwa mara ya kwanza maelezo ya joho la Hatfield House, macho na masikio kwenye kitambaa, wanahistoria wa sanaa wakieleza kwa utaratibu wao kwamba pengine ni alama ya mtawala mwenye kujua kila jambo, mimi sikuweza kuona hariri. Niliona gunia. Sidai kwamba mtu alikaa ofisini akatoa wazo la gakunia kwenye mchoro wa 1600. Nasema ni maagizo yale yale, safari hii yameshonwa kwa kitambaa cha bei nafuu.

Miaka hiyo hiyo, London, malkia alikuwa akichorwa. Mchoraji aliitwa Pietro Annigoni, mtu wa Florence kwa maisha yake, aliyeipa kisogo sanaa ya kisasa na kufanya kazi kwa mbinu za mafundi wa zamani wa Italia. Picha yake, iliyoagizwa na chama cha kale cha wauza samaki wa London na kumalizika 1955, inamwonyesha Elizabeth wa Pili amesimama peke yake ndani ya joho la buluu iliyokolea, nyuma yake mandhari tupu, ya baridi. Ndege wa kito hayupo. Nyoka hayupo. Upweke wenyewe umefanywa kuwa alama, na ninakiri ni picha nzuri. Ilipendwa sana, ikaanza kusafiri.

Kusafiri kwake ndiko kunakonirudisha kwenye nyoka. Mwaka 1968, Visiwa vya Shelisheli, ambavyo bado vilikuwa koloni, vilitoa noti mpya ya rupia 50 yenye malkia huyo wa Annigoni, na nyuma yake minazi. Igeuze noti kwa upande, fuata majani ya minazi kwa jicho. Yanaandika, kwa herufi kubwa za Kiingereza, S-E-X. Kwenye noti ya rupia kumi ya mfululizo ule ule, chini ya kasa, wenye macho makali walisoma tusi jingine la Kiingereza, neno la kumwita mtu takataka. Watu wakacheka, wakusanyaji wakazipandisha bei, na wengine wakasema ni mchongaji aliyechoka na wakoloni. Uwe mzaha wa fundi au uwe uchokozi wa macho yetu, matokeo ni yale yale. Kuna kitu chini ya rangi, na siku moja mtu atakigeuza upande.

* * *

Tulipopata uhuru tulifanya nini na ile nafasi ya mviringo iliyokuwa na kichwa? Tulitia kichwa kingine. Shilingi ya Kenya ilitoka 1966 ikiwa na Jomo Kenyatta. Miaka ya themanini akaingia Daniel arap Moi, na waliokua wakati ule watakuambia walimjua rais kama mtu wa kwenye noti kabla ya kujua kuna nchi nyingine zenye marais. Baadaye Kenyatta akarudishwa. Mwaka 2003, nchi ilipotimiza miaka arobaini ya uhuru, ikatoka sarafu ya shilingi arobaini yenye Mwai Kibaki, ambaye hakuwa amemaliza hata mwaka mmoja Ikulu.

Ndipo ikaja Katiba ya 2010. Watu wakitaja katiba ile hutaja ugatuzi na haki za msingi. Mimi nampeleka msomaji Kifungu cha 231, kijisehemu cha nne, kinachosema kwamba noti na sarafu zinaweza kuwa na picha zinazoiwakilisha Kenya au kitu cha Kenya, lakini zisibebe picha ya sura ya mtu binafsi. Yeyote. Nimesoma makala kadhaa ya wataalamu kuhusu Elizabeth na mwari wake, na sidhani kuna aliyeelewa kazi ya picha ya mtawala kuliko waliokiandika kijisehemu kile. Walikuwa wamekaa upande wake wa pili kwa miaka mia moja.

Sarafu mpya zilikuja Desemba 2018: twiga, kifaru, simba, ndovu. Simba wa sumuni karudi, bila malkia mgongoni. Noti zikazinduliwa Narok tarehe 1 Juni 2019, Siku ya Madaraka, zote zikiwa na jengo la KICC upande mmoja. Na mbele ya jengo, mahali pake pa kawaida, ameketi Jomo Kenyatta wa shaba.

Okiya Omtatah akaenda kortini. Hoja yake ilikuwa rahisi kiasi kwamba mtoto angeielewa: katiba imekataza sura ya mtu, na hii hapa sura ya mtu. Benki Kuu ikajibu kwamba hiyo ni sehemu ya jengo la KICC, na hakuna aliyechora picha ya mtu. Septemba 2019 Mahakama Kuu ikaitupa kesi, noti zikabaki. Kisheria sina la kusema. Kama mtu aliyekaa na picha zile za malkia, naona Omtatah alikuwa akizisoma noti kama mtu wa pwani alivyosoma reale, lulu kwa lulu, na ni heri nchi iwe na watu wa kufanya hivyo hata wakishindwa.

Sanamu hiyo ya KICC, ya 1973, ni kazi ya James Butler, mchongaji Mwingereza. Mwaka 2001 Uingereza ilipopitisha Muhuri Mkuu mpya wa serikali, kile kiduara cha nta kinachobandikwa kwenye nyaraka nzito kabisa za ufalme, aliyeusanifu ni Butler huyo huyo: Elizabeth wa Pili, ameketi kwenye kiti chake. Katika miaka ya 1580 kazi hiyo hiyo, muhuri mkuu wa Elizabeth wa Kwanza, alikuwa amepewa Nicholas Hilliard, fundi wa mwari.

Toa noti moja mfukoni, kama bado unatembea na noti na hujahamia M-Pesa kabisa. Mzee ameketi pale mbele ya jengo, mdogo kuliko ukucha wako.